Pima kwenye ndoo, si kwenye tangi

Wadogo zangu wa usalama saiti, wiki hii nimekuta fomu ya klorini ya maji ya kunywa imejazwa 0.5 (miligramu kwa lita) siku sita mfululizo, na pakiti ya vidonge vya DPD, vile vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, haijafunguliwa. Jamani! Ndiyo maana naandika.

1. Boza likifika, andika namba ya gari na mahali lilipojaza kabla mpira haujaingia tangini.

2. Tangi la lita 5,000 linataka kama gramu 15 za HTH, yaani dawa ya klorini ya unga, ya asilimia 65. Ikoroge kwanza kwenye ndoo, mimina, subiri dakika 30. Maji yenye tope yaache yatuame kwanza, maana uchafu unaila klorini.

3. Pima pale mtu anapokunywa. Mwaka wangu wa pili kazini, jengo la ghorofa nne Dar es Salaam, kila asubuhi nilipima tangini. Rangi ya waridi safi, naandika 0.6, natia saini, naendelea na helmeti na mikanda. Kumbe maji yalipandishwa ghorofa ya tatu kwa ndoo za rangi, yakashinda juani bila kifuniko, na vibarua wote wakachota kwa kopo moja, mikono ina saruji. Sikupanda kuangalia hata siku moja. Ijumaa moja watu saba hawakuja kazini. Kesho yake fundi nondo mmoja, mtu mzima, aliharisha mpaka akabebwa kwa bajaji. Hapo ndipo nikapanda na kipimo. Maji ya ndoo hayakugeuka rangi kabisa. Jioni nilimkuta zahanati na dripu mkononi, akaniuliza, "Si ulisema yamepimwa, mwanangu?" Nilikaa pembeni ya kile kitanda nikakosa jibu. Mpaka leo, nikishika kidonge cha DPD namsikia yule mzee.

4. Ndoo iwe na kifuniko na koki, ikae kivulini, ioshwe kila jioni. Bosi akisema ni gharama, mwonyeshe Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Maji salama ya kunywa ni wajibu wake. Mimi baada ya yule mzee niliingia ofisini siku tatu mfululizo, ya nne zikanunuliwa ndoo sita.

5. Siku ya kumwaga zege, maji huisha kabla ya saa sita na vijana hukimbilia bomba la kumwagilia. Panda saa nne, na kipimo mfukoni.