Mafundi wapya wa ndege ndogo Malindi, kitazameni kikombe

Wanangu, kila masika yakiingia Malindi kosa ni lile lile. Fundi mpya anapita chini ya bawa la Cessna iliyolala nje, anakinga petroli ya tangi kwa kikombe ili aone kama ina maji, haoni mstari wa maji, anamwaga na kutia saini.

1. Mstari huonekana pale tu maji na petroli vinapokutana kikombeni. Tangi likinywa mvua ya kutosha, kikombe chote ni maji matupu, na maji matupu hayana mstari! Petroli ya ndege hizi, 100LL, ni ya buluu. Inua kikombe mbele ya kitu cheupe, usiinue kuelekea mbinguni, kwani anga hupaka maji rangi hiyo hiyo. Kisha nusa. Ukiwa na shaka, ongeza petroli unayoiamini. Maji yatazama chini yake.

Kinga kila tundu la kutolea mafuta: Cessna 172S inayo 13, matano kila bawa na matatu chini ya mwili. Kabla ya hapo kagua raba ya kifuniko cha tangi. Jua na chumvi huikausha, na mvua hupita hapo.

Ila kuna ndege ambazo hata kikombe cha buluu safi hakitoshi. Cessna 182 na 206 nyingi za kale zina matangi ya mpira. Mpira ukilegea hujikunja, maji yakajificha nyuma ya kunyanzi, yasifike tunduni. Unakinga, unapata petroli kweli. Rubani anapaa, pua inainuka, maji yanavuka kunyanzi na kuingia bombani, injini inazima juu ya minazi, mahali pasipo pa kutua. Kwa hiyo shusheni mkia hadi sentimita 13 hivi kutoka ardhini, tikiseni mabawa, acheni maji yatulie, kisha mkinge upya. Kazi hii yataka watu wawili, na asubuhi nyingi naona mmoja tu.

Msidhani ndege hizi ni kuukuu kwa uzembe wa wenyewe. Viwanda vya Marekani vilitoa ndege ndogo na za binafsi 17,811 mwaka 1978. Mwaka 1994 zilikuwa 928. Kesi za fidia zilichangia, na Cessna iliacha kuunda zile za injini ya pistoni mwaka 1986, ikaanza tena baada ya sheria ya 1994 kuweka kikomo cha miaka 18 cha kumshtaki mtengenezaji. Wazee wanaozijua wanastaafu, nanyi mkipata leseni mnakimbilia Caravan, ile Cessna kubwa ya injini ya tabaini. Sikatazi, lakini jifunzeni matangi haya kabla hawajaondoka.

2. Caravan hunywa mafuta ya jeti, na yakiingia injini ya pistoni huifanya iripuke ndani hadi pistoni kutoboka. Rangi ya buluu yaweza kubaki, basi dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka yote, mafuta ya jeti huacha doa la mafuta.

3. Nyigu hujenga haraka ndani ya pitoti, kile kibomba cha kupimia mwendo wa ndege; ifunikeni. Tundu la hewa la tangi nalo likaguliwe kila asubuhi.

4. Magneto mbili za 172S, zinazotoa cheche za injini: pima kila moja injini ikiwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, isishuke zaidi ya 150, tofauti kati yake isizidi 50.

5. Kitabuni usiandike “safi”. Andika bawa gani, tundu gani, maji kiasi gani. Yakiendelea kutoka baada ya kutikisa na kukinga tena, ndege hairuki: tangi limwagwe, mpira ufungwe upya.