Dirisha Halifunguki? Usikimbilie Kusakinisha Upya

Jamani, acheni kufuta programu na kuisakinisha upya kila dirisha linapogoma. Kila kundi jipya la wanafunzi linaanza hivyo hivyo: asubuhi nzima inaishia kwenye kusakinisha upya ParaView, programu ya kuchorea data, iliyokuwa nzima kabisa. Mara nyingi tatizo liko kati ya programu na skrini, na huko ndiko pa kuanzia.

1. Jiulize dirisha linatakiwa kuchorwa kwenye mashine ipi. Ukiwa umeingia kwenye klasta (kompyuta za pamoja za kufanyia hesabu) kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, hesabu inafanyika kule, dirisha linachorwa kwako. Andika `echo $DISPLAY`, uone madirisha yanatumwa kwenye skrini ipi. Isipotoa kitu, ama hukutumia -X au -Y kwenye amri ya ssh, ama seva imezima X11Forwarding (kupitisha madirisha ya X11, au X tu, mfumo wa kuchora madirisha kwenye Linux), ama haina xauth, programu inayotunza ruhusa za skrini. Ikitoa kitu kama localhost:10.0, jaribu `xclock` kwanza. Saa ikionekana, njia ni nzima. Sasa unaweza kuigeukia programu yako.

2. Usiweke `export DISPLAY=:0` ndani ya .bashrc, faili ya mipangilio inayosomwa unapoingia. Hapa nitakaa kidogo, maana mstari huu nauona kila mwaka.

Mdogo wetu mmoja, kijana makini kweli, alikuwa akifanya kazi akiwa nyumbani, ameingia kwa ssh kwenye kompyuta ya mezani iliyoko ofisini. `plt.show()`, amri ya Python ya kuonyesha grafu, inakaa tu, kosa halitoki, dirisha halionekani. Akasakinisha Python upya. Akajenga mazingira mapya ya conda, kisimamizi cha vifurushi. Akabadilisha Qt, akarudi kwenye Tk (zote ni maktaba za kutengeneza madirisha), usiku ukaisha. Asubuhi tulipofungua ofisi tukakuta grafu zake zote kwenye skrini ya ile kompyuta, dirisha juu ya dirisha, za rangi zile zile, kila moja ikisubiri mtu aifunge. Alikuwa ameacha akaunti yake wazi pale mezani. ssh ilikuwa imempa localhost:10.0 kama kawaida, kisha .bashrc ikasomwa na kuifuta, ikaweka :0, yaani skrini ya mashine ile ile ya ofisini. Tulifuta mstari mmoja, akatoka, akaingia tena, grafu ikafunguka kwenye laptopu yake. Iliniuma kumwona na macho mekundu namna ile kwa jambo ambalo `echo` moja ingelifichua. ssh inajua DISPLAY iwe nini. Iacheni ifanye kazi yake.

3. Qt ikilalamika kwamba imeipata xcb, kiunganishi chake na X11, ila imeshindwa kuipakia, weka `QT_DEBUG_PLUGINS=1`, endesha tena, utafute jina la faili ya .so (maktaba) inayokosekana. Kuanzia Qt 6.5 mara nyingi ni libxcb-cursor, ambayo kwenye Debian na Ubuntu iko katika kifurushi libxcb-cursor0.

4. Eneo la 3D likiwa jeusi au zito kama mawe, endesha `glxinfo -B`. Ukiona llvmpipe, kadi ya picha imekaa bure na CPU ndiyo inayochora. Jaribu `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1`, inayoilazimisha CPU kuchora: eneo jeusi likionyesha picha hapo, mshuku draiva. Na kosa la swrast (draiva ya kuchora kwa CPU) likitokea ndani ya conda peke yake, angalia libstdc++, maktaba ya C++, ya conda. Ikiwa ya zamani kuliko ya mfumo, draiva haipakiki.

5. `xhost +` hapana. Nasema hapana. Mnaiandika ili kosa la ruhusa liondoke, kumbe mmeondoa ulinzi wa skrini yenu, na programu iliyoingia kwenye X inaweza kusoma kila herufi unayobonyeza, nywila zikiwemo. Kosa lile mara nyingi linatokana na sudo, au nafasi yako ya diski imejaa na xauth imeshindwa kuandika .Xauthority, faili ya ruhusa zake. Angalia `quota` kwanza.

6. Kazi ya usiku haihitaji dirisha. Weka `MPLBACKEND=Agg`, Matplotlib (maktaba ya grafu ya Python) ichore bila dirisha, tumia `savefig` kuhifadhi grafu kwenye faili, ulale. Ukiacha dirisha wazi kupitia ssh na mtandao ukakatika, dirisha linakufa na programu inaondoka nalo.

Ukikwama baada ya hapo, njoo wakati wowote, ila uje na majibu ya `echo $DISPLAY` na `echo $XDG_SESSION_TYPE`, nijue kama uko kwenye X11 au Wayland, mfumo mpya zaidi wa madirisha, pamoja na ujumbe wa kosa wote kuanzia mstari wa kwanza. Uje nao kama maandishi, si picha ya simu iliyokata juu.