Kupandikiza jino: kufunua fizi au kutoboa tu?

Ndugu uliyeuliza kama umshinikize daktari akupandikize jino bila kuchana fizi kwa kuwa unaogopa maumivu, mimi nimefanyiwa kwa njia zote mbili, tena katika taya lilelile la chini.

La kwanza lilikuwa gego la kushoto, lililokuwa limeng'olewa miezi minne tu kabla, na mfupa ulikuwa bado mnene. Baada ya kipimo cha CT (picha ya mionzi inayoonyesha mfupa kutoka pande zote), daktari aliagiza kiolezo cha plastiki kinachovalishwa juu ya meno ili kiongoze keekee isipotoke pembeni wala isizame kupita kiasi. Alitoboa tundu dogo kwenye fizi, akachimba taratibu huku maji ya chumvi yakimwagika bila kukoma, kwa kuwa mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja huweza kuharibika, kisha akakaza skrubu ya madini ya titani, ambayo ndiyo hushikilia jino la bandia. Hakushona hata uzi mmoja. Jioni nilikunywa uji, na kesho yake niliacha dawa za maumivu.

Niliporudi kwa ajili ya gego la kulia, ambalo pengo lake nililiacha zaidi ya miaka kumi (uzembe wangu mwenyewe), nilidai njia ileile. Daktari akanigeuzia kompyuta nijionee: mfupa ulikuwa umesinyaa hadi unene wa milimita 5, ilhali skrubu peke yake ina milimita 4 na inahitaji mfupa wa zaidi ya milimita 1 kila upande. Akitoboa bila kuona, keekee ingeweza kutokea ubavuni mwa taya. Basi akachana fizi, akaifunua, akajazia unga wa mfupa, akaizika skrubu kabisa na kushona, kwa utaratibu wa hatua mbili (kwanza skrubu huzikwa, kisha fizi hufunguliwa tena baadaye) wa Profesa Brånemark wa Uswidi, aliyempandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Shavu lilivimba hadi siku ya tatu, na ncha za nyuzi zilinichoma ulimi wiki nzima. Nilisubiri miezi 6 ndipo fizi ikafunguliwa tena na jino likawekwa. La kushoto nilisubiri 3.

Muulize daktari wako mfupa una unene gani, naye akuonyeshe kwenye CT. Eksirei ndogo ya kawaida huonyesha kimo cha mfupa lakini si unene huo, na mtu akitaka kunitoboa bila kufunua fizi akiwa na picha hiyo peke yake, mimi ningeshuka kitini.