Bega lilichelewa wapi? Kuchambua uchezaji wako baada ya onyesho

Kama umejiunga mwaka huu na kundi la sanaa chuoni hapa Dodoma na umepangwa kwenye igizo la nyimbo na ngoma, utadaiwa vitu viwili: kucheza, na kuandika tafakuri ya ulivyocheza. Wageni wengi hujituma kwenye la kwanza, la pili wakaliandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Ndipo zinapozaliwa sentensi kama hii: "Nilicheza vizuri, nilijiamini, ila bado naongeza bidii." Ukiisoma tena baada ya wiki mbili hutapata cha kufanyia kazi.

Linganisha na hii: "Onyesho la pili, wimbo wa sokoni, ubeti wa tatu, hesabu ya tano: bega la kushoto lilichelewa kwa sababu uzito ulikuwa bado mguu wa kulia. Kesho nihamishe uzito kwenye hesabu ya nne." Hapo kuna mahali, kiungo, chanzo na dawa. Chanzo ndicho wengi hukiruka. Mtu huchelewa kwa sababu hasikii ngoma, maana spika zote zimeelekezwa kwa watazamaji. Au anamwibia mwenzake stepu kwa jicho. Au alibadili nguo kwa haraka nyuma ya pazia na njuga hazikufungwa vizuri. Ukitibu kisicho chenyewe, kesho utachelewa palepale.

Andika mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya saa moja baada ya pazia kufungwa, kabla hujaona video na kabla marafiki hawajaanza kukusifu: mistari 5 au 6 ya kile mwili unachokumbuka. Mara ya pili ni baada ya video. Pale maandishi hayo mawili yanapopishana ndipo pa kuchimba. Mwili ukisema "niliruka juu sana" na video ikaonyesha visigino vimeinuka kidogo tu, shida yako si nguvu. Umbo unalolihisi ndani si lile linaloonekana nje, na hilo hurekebishwa kwa kucheza mbele ya mtu anayekwambia papo hapo, si kwa kuruka mara nyingi zaidi peke yako.

Simu iwekwe nyuma ya ukumbi, ilazwe kwa upana, kwenye urefu wa macho ya mtu aliyekaa, na jukwaa zima lionekane. Usimwombe rafiki akufuate wewe tu na kamera. Utaona miguu yako lakini hutajua kwamba umetoka kwenye mstari. Kisha tazama bila sauti. Macho yaliyoangalia sakafu na mikono iliyoachwa njiani hujitokeza hapo. Halafu geuza simu usikilize tu, utasikia pumzi. Mwisho tazama na kusikiliza pamoja, ukihesabu hadi nane kwa sauti. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hesabu nane hupita kwa sekunde 4, kwa hiyo nusu hesabu ni robo sekunde. Kwa mtu anayecheza peke yake haionekani sana, lakini kwenye mstari wa watu 10 jicho huiona mara moja.

Pumzi inastahili ukurasa wake kwenye daftari. Neno la wimbo likiangukia kwenye mruko, sauti hukatika miguu inapotua, kwa kuwa misuli ya tumbo inayoushikilia mwili ndiyo hiyo hiyo inayosukuma pumzi. Jipime: imba kibwagizo huku unaruka, mara 3 mfululizo, na uandike silabi ambayo sauti ilikatika. Tua kwa vidole kwanza, kisha kisigino, magoti yakikunjika kuelekea vidole. Weka alama ya mkato kwa kalamu nyekundu pale unapovuta pumzi. Kama nafasi ya kuvuta haipo kabisa, mpelekee mwalimu: anaweza kugawa mstari, nusu ya kundi waimbe na nusu waruke. Hilo ni kosa la mpangilio, usijibebeshe.

Kwenye stepu za Kigogo, wengi wanaotoka mikoa mingine huyaendesha mabega kwa mikono, viwiko vikapepea kama mtu anayefukuza nzi. Mtikisiko uanzie mgongoni, mikono ifuate, na magoti yasikazwe. Goti likikaza, bega nalo hukaza. Ukipata nafasi, nenda Chamwino ukawatazame akina mama waliokulia kwenye ngoma hizi, na uanze na miguu yao kabla ya mabega. Muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa na wanawake, ikibanwa katikati ya mapaja. Kwa hiyo ukipangiwa kusogea mbele hatua nane huku unapiga, hatua hizo zitakuwa fupi. Usiandike "nilishindwa kufika kwenye alama." Andika ulipiga hatua ngapi na umbali gani ulibaki, ili mwalimu aongeze hesabu au asogeze alama. Angalia pia ulipoelekea: ngoma ya kijijini huzungukwa na watu, jukwaani watazamaji wako upande mmoja, na stepu inayopendeza kwa ubavu hupotea ukisimama kifua mbele.

Mazingira nayo yaandikwe. Kiangazi cha huku kina vumbi, na vumbi juu ya saruji huteleza. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke kabla ya kuingia. Mazoezi ya kuruka juu ya saruji yakikuletea maumivu ya muundi, andika siku yalipoanza na umwambie mwalimu siku hiyo hiyo.

Maneno ya mwalimu yaandike kama alivyoyasema, bila kuyalainisha, hata kama yamekuuma. Kisha chagua marekebisho mawili tu ya onyesho linalofuata. Ukipanda jukwaani na mambo tisa kichwani, utasahau hata stepu ulizokuwa nazo. Mengine yasubiri mazoezi. Kesho yake usiku, pembeni ya kila moja ya yale mawili, andika tarehe na neno moja: imekaa, au bado.