Ukilinganisha Biashara ya Mbao Ngumu, Soma Hesabu za Pande Zote Mbili

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo hapa Dar es Salaam, aliniomba nikague mchoro wake wa mauzo ya magogo ya Indonesia, ambao chini yake alikuwa ameandika kwamba biashara ya nchi hiyo ilikufa mwaka 1985. Haikufa. Mwaka huo serikali ya Indonesia ilipiga marufuku kuuza magogo nje, viwanda vikaelekezwa kwenye plaiwudi, na baada ya miaka michache hakuna nchi iliyoifikia kwa kuuza plaiwudi ya mbao ngumu.

Kazi hii ya takwimu za misitu nimeifanya kwa muda mrefu, na niliyoyajua niliyapata kwa kudharauliwa. Baada ya Daraja la Mkapa, linalovuka mto Rufiji, kufunguliwa mwaka 2003, malori ya mninga na mkongo kutoka Rufiji, Kilwa na Lindi yaliingia jijini mfululizo. Nikiwa mtumishi mdogo katika ofisi ambayo sitaitaja, niliweka takwimu za mauzo yetu kwa China kando ya zile ambazo China yenyewe iliandika kuwa imenunua kwetu, nikaona zinapishana mno. Mkubwa wangu aliisukuma karatasi pembeni akasema hesabu za Wachina haziaminiki. Mwaka 2007 ripoti ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu misitu ya kusini ilionyesha kwamba kwa mwaka 2005 China iliandikisha bidhaa za mbao mara kumi ya zilizoonekana katika kumbukumbu za Tanzania. Hakuna aliyekuja kuniomba radhi, na jambo hilo bado linanikera.

Kwa hiyo usiamini hesabu ya muuzaji kabla hujasoma ya mnunuzi. Tofauti ndogo si wizi: mnunuzi hujumlisha nauli na bima katika bei, meli iliyopakia Desemba hufika mwaka mwingine, na mzigo wa Zambia au Kongo unaopitia bandari yetu unaweza kuandikwa kwa jina letu. Mara kumi ni habari nyingine.

Wala usichanganye magogo na mbao zilizopasuliwa. Katika orodha ya forodha magogo yana namba 4403 na mbao 4407, lakini Buguruni nimeona kwa macho yangu "mbao" za mkongo ambazo watu wanne walizibeba kwa taabu, zimechongwa pande nne kwa msumeno wa mnyororo, magome yakiwa bado yameng'ang'ania pembeni. Hilo ni gogo lililopewa jina jingine ili lipite. Na mita moja ya ujazo ya mbao hutoka katika takribani mita mbili za gogo. Asiyebadilisha vipimo anajidanganya mwenyewe.

Vijana, someni sheria kabla ya kuchora mistari. China ilianza kuzuia ukataji katika misitu yake ya asili mwaka 1998, baada ya mafuriko ya mto Yangtze, na anayelinganisha 1995 na 2005 bila kuliandika hilo atadhani Wachina waliupenda mninga ghafla. Myanmar ilizuia magogo kutoka mwaka 2014. Tangu 2017 jamii yote ya Dalbergia, ukiwamo mpingo wetu, imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na magogo yake hayavuki mpaka bila kibali.

Mwisho, tenganisheni miti. Msaji wa kupandwa wa Kilombero na mninga wa msitu wa asili vikijumlishwa katika mstari mmoja, kupanda kwa mmoja huficha kushuka kwa mwingine.