Mjomba Anajibu: "Nilirusha jiwe moja tu"

Wiki hii barua tatu zimekuja karibu siku moja na zote zinanuka damu, sijui ni joto la Dar au nini, nikaona niziweke pamoja. Yule aliyeuliza kama ni sahihi mkwe kumkopa hela ya bando, vumilia, zamu yako inakuja.

Shikamoo mjomba. Mi ni boda, nina miaka 26, napaki huku Mbagala Rangi Tatu. Mwezi uliopita alfajiri dogo mmoja alimkwapua simu mama mmoja aliyekuwa anawahi sokoni, mama akapiga kelele za mwizi, sisi tukamfukuzia na pikipiki tukamkuta karibu na mtaro. Mjomba sitaki kuficha, mi nilirusha jiwe moja tu, sijui hata kama lilimpata. Polisi wanafika ameshakwisha. Sa tatizo langu la kwanza silali, nikifumba macho namwona anavyokinga kichwa kwa mikono. La pili pale kijiweni wanasema tulifanya kazi nzuri, maana wiki mbili nzima hakuibiwa mtu. Hivi kwa nini mtu anaua? Mi sio muuaji mjomba, nina mtoto. Na je vurugu inasaidiaga au haisaidiagi, maana kusema ukweli naona kama ilisaidia kidogo.

Marahaba mpwa wangu. Naanza na hilo "jiwe moja tu" maana jibu lako limejificha humo humo. Mlikuwa wangapi pale mtaroni, kumi na tano, ishirini? Nikiwaita wote hapa barazani kwangu mmoja mmoja, kila mtu ataniambia alirusha moja tu tena lilipita pembeni, na wa mwisho ataapa alikuwa anapita kwenda kazini. Tukimaliza kuhojiana tutakuwa na maiti ambayo haijauliwa na mtu. Magazeti yetu yalishampa jina huyo muuaji zamani sana, anaitwa "wananchi wenye hasira kali", mi nimeanza kumsoma nipo shule ya msingi na mpaka leo nimezeeka sijawahi kukutana nae, hana sura, hana mtaa, hana mtoto kama wewe. Ndo maana anaua kirahisi.

Watu wengi wanadhani muuaji ni mtu aliyeumbwa na roho nyingine, jitu fulani hivi. Wapo wa hivyo ila wachache sana. Wengi wanaoua wakati wanaua wanajiona wapo kwenye haki kabisa, na hapo ndo penye hatari. Anayemuua mkewe atakwambia alinidharau mbele za watu. Anayemkata panga ndugu yake kwa ajili ya kiwanja anasema alinidhulumu. Kule Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga miaka na miaka kwa sababu ya macho mekundu, waliowaua wakisema wanakomesha uchawi, wakati macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi tu, bibi kapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka hamsini kwenye kibanda kisicho na dirisha unataka macho yawe meupe? Na ukifukua vizuri mara nyingi chini ya huo uchawi kuna shamba, kuna urithi, kuna mtoto wa marehemu anataka bibi apishe.

Kuna neno kwenye barua yako limenishtua mpwa wangu. "Tulifanya kazi nzuri." Rwanda mwaka 1994 waliotoka asubuhi na mapanga kwenda kuua majirani zao walikuwa wanaita hivyo hivyo, kazi. Redio ya RTLM ilikuwa inawaambia wanajilinda, inawaita wenzao mende, na kwa siku kama 100 hivi watu wanaokadiriwa 800,000 wakauawa, watu wa Ngara waliona maiti zinaelea mto Kagera kuja huku kwetu. Sikufananishi na wale, usinielewe vibaya, dogo wako kweli alikwapua simu na waliouawa Rwanda hawakuwa wamemkosea mtu. Ila ona maneno yanavyofanya kazi, ukishamwita mtu kibaka huhitaji tena kujua jina lake, na kuua ukishakuita kazi basi hata mikono haitetemeki.

Mi mwenyewe si msafi. Mwaka 1997 nikiwa kijana nimetumwa mkate Tandika, nikakuta wamemzunguka mvulana anayedaiwa kuiba suruali ya jinsi kwenye mtumba. Alikuwa na ndala moja mguuni, nyingine ilikuwa imemvuka ipo upande wa pili, na yeye katikati ya kupigwa anaomba, "naomba ndala yangu, naomba ndala yangu jamani". Sijui alidhani akishaivaa wataacha aende zake? Sikurusha kitu, ila sikuondoka pia, nilisimama na mkate wangu mpaka mwisho. Na walivyotawanyika wale watu, haraka kama mvua imeanza. Mama wa genge la pale akamwaga maji mbele ya meza yake akaendelea kupanga mafungu ya nyanya. Nilirudi nyumbani nikagombezwa kwa kuchelewa na sikumwambia mtu chochote. Kwaiyo ukiniambia hulali nakuelewa, na bora wewe unasema.

Sa tuje kwenye kusaidia. Sitakudanganya kwamba zile wiki mbili hazikuwepo, zilikuwepo. Na woga wa watu wa Mbagala sio wa kuchekwa, tumeyaona ya panya road, yale magenge ya vijana wa kupora, Januari 2015 uvumi tu ulitosha maduka sehemu nyingi za jiji kufungwa mapema na watu kukimbizana, 2022 wakarudi tena na mapanga majumbani. Mtu akiona polisi wanakuja wakati mwizi keshapotea, na aliyekamatwa Jumatatu anamwona kijiweni Alhamisi, anaanza kujiamulia. Naelewa hasira inatoka wapi.

Ila hebu jibu maswali ya mzee. Yule mama simu yake aliipata? Nimeona hujaandika. Na anayenunua hizo simu za wizi asubuhi ya siku ile alikuwa wapi, kwa sababu dogo wa mtaroni hakuwa anaiba ili awe na simu kumi za kupigia, kuna mtu anamsubiri, kuna meza fulani na fundi fulani wa kuzifuta, na huyo hajarushiwa jiwe hata na kichaa. Huyo wiki ya tatu atapata dogo mwingine. Vibaka wenyewe hizo wiki mbili walihamia mtaa wa pili, wakaendelea na kazi kwa wenzenu wa huko, nanyi mnahesabu kwamba wizi umeisha. Af kingine, mama angekuwa na namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yake (unabonyeza *#06# inatokea, iandike kwenye karatasi sio kwenye simu hiyo hiyo) angetoa taarifa polisi ikafungiwa. Haina raha kama kumfukuza mtu na pikipiki tatu, najua.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi ila uisome mara mbili. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 23 haihesabu mawe. Mkiwa na nia moja ya kutenda kosa na mtu akafa, kila aliyekuwemo anaweza kubeba kesi yote, na kesi ya mauaji ya kukusudia kwetu adhabu yake ni kunyongwa. Ni kweli hajanyongwa mtu nchini tangu 1994, na Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2019 ilisema kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo hiyo tu bila kupima mazingira ni kuvunja haki ya kuishi, ila kukaa selo ya wanaosubiri kitanzi miaka ishirini sio habari ya kujifariji nayo. Kwaiyo acha kuongea kijiweni, kesho nenda kwa wakili, huna hela watafute wa msaada wa kisheria, sheria ya 2017 inawatambua na wengine ni bure kabisa, mwambie yote kama ulivyoniambia mimi afu umsikilize. Na hilo la kutokulala usilitibu kwa konyagi. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na kwenda pale sio kuwa kichaa.

Dogo alikuwa anaitwa nani? Ukishalijua jina lake niandikie tena.

Mjomba habari. Naishi Kigamboni, ndoa yangu ina miaka sita na watoto wawili. Mume wangu akilewa anasema ataniua, asubuhi anasema alikuwa anatania. Mwezi huu amenikaba shingo mara mbili mpaka nikaona giza. Mama mkwe anasema nivumilie, wanaume wote wana hasira. Je kuna uwezekano wa kweli akaniua au naogopa bure?

Huogopi bure mwanangu. Wengine hapa nawaandikia kwa utani, wewe hapana. Kukabwa shingo ndo kitu ambacho wanaofuatilia mauaji ya wanawake wanakitazama kuliko hata ngumi, mwanamke aliyewahi kukabwa na mumewe yupo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na huyo huyo. Umoja wa Mataifa unakadiria mwaka 2023 wanawake na wasichana kama 85,000 waliuawa duniani kwa makusudi, na 51,100 kati yao waliuawa na wenza wao au ndugu zao wenyewe, maana yake tishio kubwa kwako halijaruka ukuta, lina funguo za mlango.

Usimtangazie kwamba unaondoka. Wakati wa kuondoka ndo wakati mbaya kuliko wote, anaona mali yake inatembea. Panga kimya kimya, vyeti vya watoto na kadi zako na nauli viweke kwa mtu unayemwamini ambaye sio wa upande wake, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto, vituo vingi vya polisi wanalo, na uwaambie hilo la shingo kwanza kabla ya yote. Umeona giza mara mbili, kwaiyo pitia hospitali pia hata kama huna alama, madhara ya shingo yanaweza kuja baadae. Ukiwa kwenye hatari sa hivi piga 112.

Mama mkwe mwambie mi nina hasira tangu 1974 na sijamkaba mtu. Nae anajua sio hasira, hasira gani inayochagua? Mbona bosi wake hamkabi.

Mjomba shikamoo, mi nasoma chuo. Darasani tulibishana. Wenzangu wanasema vurugu haijawahi kutatua tatizo, mi nikawaambia mbona Mwalimu alimtoa Idi Amin kwa mtutu na tatizo likaisha? Nani mkweli?

Marahaba dogo. Wenzako wamesema kitu cha kwenye kanga, wewe umesema kitu cha kweli nusu.

Amin alivamia Kagera Oktoba 1978, akachoma, akaua, akatangaza eneo ni lake. Mwalimu akasema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Sa ungemwambia nini mtu wa Kyaka, akae na Amin wafanye semina? Mi mtu akija kunichinja nyumbani kwangu sitamsubiri wakili, na sheria yenyewe inaruhusu kujilinda. Hapo nipo na wewe.

Ila "tatizo likaisha" ndo penye kona. Amin mwenyewe hakufa vitani, alikimbilia Libya kisha Saudi Arabia, akaishi zake mpaka 2003. Waganda ndo waliobaki na bili, wakabadilisha marais kama mashati, uchaguzi wa 1980 ukazaa vita nyingine ya msituni mpaka Museveni alipoingia Januari 1986. Huku kwetu tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18, nadhani wengine hatujaufungua. Sio vita peke yake iliyotuangusha, mafuta yalipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, ukame nao, ila mi nakumbuka foleni ya sukari, nakumbuka nguo zinafuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na ugali wa yanga, ule wa unga wa njano, ambao sitaki kuuona tena.

Af kuna watafiti wa Marekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, waliwahi kuhesabu harakati zaidi ya 300 za kung'oa tawala au wavamizi toka 1900 mpaka 2006. Zilizotumia silaha zilifanikiwa kama 26 kwa mia, zisizotumia kama 53 kwa mia. Wapelekee darasani ila uwapelekee zote mbili, maana 26 sio sifuri na wenzako walisema haijawahi.

Mtaani kwetu alikuwepo baba mmoja aliyekwenda ile vita. Alirudi mzima, mikono miwili miguu miwili, na tukampokea kwa ngoma. Mvua ikianza kupiga bati alikuwa anatoka ndani anakuja kulala barazani, analowa hivyo hivyo mpaka asubuhi, sisi watoto tunachungulia dirishani tunamcheka.