Maswali ya Wasomaji: Betri Mpya, Wiki Tatu Saa Imekufa

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Saa ya mkononi ya marehemu baba ilisimama, nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na Marikiti aitie betri. Aliibandua kwa kisu, akatia betri, akafunga mfuniko kwa kuukandamiza na vidole gumba. Nikalipa shilingi 200 kwa M-Pesa, risiti hakunipa. Wiki tatu baadaye nilinyeshewa nikivuka feri Likoni. Kioo kikafanya ukungu, na kesho yake saa ikasimama. Niliporudi akasema maji hayamhusu, mashine imekufa, nitoe 1,500 atie nyingine. Nyuma ya saa pameandikwa 5 BAR. Kweli kosa ni la mvua?
Msomaji, Kibokoni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yetu, na pole. Mvua ya kwenye feri haiingii katika saa ya 5 BAR (kipimo cha uwezo wa saa kuzuia maji) ambayo raba zake ni nzima. Lakini maandishi hayo yalihusu saa ilipotoka kiwandani. Kinachozuia maji ni raba nyembamba ya mviringo iliyolala kwenye mfereji chini ya mfuniko, na nyingine ndogo ndani ya kifundo cha kutilia majira. Kwa joto na jasho la Pwani, raba hizo hukauka na kubonyea mwaka hadi mwaka. Huenda ya baba ilikuwa imechoka kabla fundi hajaigusa. Hata hivyo, anayefungua ndiye anayeiona, na wajibu wake ulikuwa kukwambia: raba hii imekwisha, nitie mpya au uichukue ukijua isiguswe na maji. Kunyamaza kwake ndilo kosa la kwanza.

La pili linaweza kuonekana kwa macho. Mwambie afungue mbele yako, na uazime lenzi yake. Mfuniko ukifungwa kwa vidole huingia upande mmoja kwanza, ukaing'ata raba. Tazama mzunguko wake wote: raba iliyong'atwa huwa na sehemu moja bapa inayong'aa, na pengine kipande kimechunika kikatokeza kama uzi mweusi. Ukikuta hivyo, maji yalipitia hapo, na ubishi umekwisha. Kazi yenyewe si kubwa: kufuta mfereji, kupaka raba grisi ya silikoni kidogo, ing'ae tu bila kulowa, kisha kufunga kwa mashine ya kubana inayoshuka sawasawa. Asitumie Vaseline badala ya grisi hiyo, maana huvimbisha baadhi ya raba.

Mfuniko ukiwa wazi, soma nambari ya betri. Saa nyingi ndogo zenye akrabu tatu hutumia SR626SW, ambayo pia huandikwa 377. Hiyo ni ya madini ya fedha (silver), volti 1.55, na nguvu yake haishuki mpaka karibu na mwisho. Ukiona LR626 au AG4, umetiliwa ya alkalini: inaenea palepale, ni rahisi, lakini volti yake hupungua kidogo kidogo na huwa nyepesi kuvuja. Betri nzuri ya fedha hudumu takriban miaka miwili au mitatu katika saa ya kawaida. Pia betri haishikwi kwa kibano cha chuma kinachogusa nyuso zake zote mbili, kwani hapo inapigwa shoti kabla haijaanza kazi. Wala haishikwi kwa vidole vyenye jasho.

Sasa hilo neno "mashine imekufa", yaani mtambo wa ndani unaoendesha saa. Usilikubali kwa mdomo. Pembeni mwa betri kuna koili ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Bisibisi ikiteleza mara moja ikaukata waya mmoja, saa haitembei tena. Apime kwa mita ya fundi ya kupimia waya (multimeter): koili nzima mara nyingi husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1,000 hadi 3,000, iliyokatika haisomi kitu. Ni kazi ya dakika moja. Ikisoma vizuri, huenda tatizo ni unyevu au uchafu, na maji ya mvua si kama ya bahari. Saa ikifunguliwa mapema, ikakaushwa na kusafishwa, nyingi hurudi. Ikiwa imekatika, tazama kama kuna mkwaruzo mpya juu yake. Kutu haikwaruzi.

Kuhusu malipo, mwombe kwa upole atie raba na betri sahihi bila malipo, na mashine ikihitajika kweli, gharama iwe yake ikiwa mkwaruzo uko. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tarehe, kiasi na aliyelipwa, usiufute. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inadai huduma iwe ya ubora unaokubalika, na akikataa katakata, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na si lazima uwe na wakili. Ila kwa saa moja, jaribu kwanza kumketisha mbele ya mafundi wenzake. Wanajua raba iliyong'atwa ikoje. Mashine ikibadilishwa, dai ile ya zamani mkononi. Ni ya baba.

SWALI: Fundi alipokuwa akifunga mfuniko, kioo kilipasuka "tak". Alibandika kingine kwa gundi ya haraka, na sasa kuna weupe ndani usiofutika. Anasema utatoka wenyewe.
Msomaji, Magongo

JIBU: Hautatoka. Gundi ya haraka hutoa mvuke unaoganda kuwa utando mweupe juu ya kioo na uso wa saa. Kioo nacho kilipasuka kwa sababu kibao cha mashine ya kubana kilikalia kioo badala ya kukalia ukingo wa chuma. Makosa yote mawili ni yake. Kitolewe kioo, kipimwe kipenyo kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita, na unene pia, kisha kibandikwe kwa gundi inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno (UV), au kwa pete yake ya plastiki kama saa ilikuja nayo. Uso wa saa usisuguliwe na asetoni hata kidogo. Rangi na nambari zitaondoka nayo.

SWALI: Saa yangu ya ufunguo ilioshwa na kutiwa mafuta kwa 2,500. Sasa inakimbia dakika 20 kwa siku.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Kwanza shuku sumaku, ambayo mara nyingi hutoka kwenye vibano vya fundi mwenyewe. Mizunguko ya ile springi nyembamba ya gurudumu la mizani (linaloongoza mwendo wa saa) hushikana, springi ikawa kama imefupishwa, na gurudumu likaharakisha. Ipitishe saa karibu na dira. Sindano ikiyumba sana, ni hiyo. Kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kwa sekunde chache bila kufungua saa. Ikiendelea kukimbia, basi mafuta yamerukia springi, nayo itaoshwa upya na fundi yuleyule, kwa zile 2,500 ulizokwisha kumpa.